Feni ya Bafuni: Jinsi ya Kuifunga Ili Iungurume Tu

Ukialikwa kuona nyumba mpya Goba, Madale au Kigamboni, mwenye nyumba atakupitisha sebuleni, atakuonyesha jiko lenye kabati za kuning'inia, kisha atakufikisha kwenye bafu la masta na kunyoosha kidole darini. "Na hapa tumeweka feni ya kutoa hewa." Atabonyeza swichi. Kitu kitaunguruma nyuma ya kava jeupe la plastiki. Wewe utasema hongera, na yeye ataizima upesi ili kuokoa umeme. Hakuna atakayetaja madoa meusi yaliyojipanga kwenye kona ya jipsamu, maana si adabu kumsema mtu kwa jambo ambalo ameshalilipia.

Hayo ndiyo mafanikio. Feni inaonekana, inasikika, na hewa ya bafuni haijabughudhiwa hata kidogo. Bahati mbaya wapo watu ambao feni zao zinatoa hewa kweli. Taulo zao zinakauka, vioo vyao havizibwi na mvuke, rangi ya dari haibanduki, na fundi wao wa rangi amebaki kupiga miayo kijiweni. Mwongozo huu umeandikwa ili wengine wasiingie kwenye mkumbo huo.

Kwanza umjue mpangaji wako, ukungu. Ukungu hauhitaji dimbwi. Unataka ukuta au dari yenye unyevu mkubwa, asilimia 80 hivi na kuendelea, kwa siku kadhaa mfululizo, pamoja na chakula kidogo: karatasi ya jipsamu, vumbi, mabaki ya sabuni. Kila ukanda unamlisha kwa namna yake. Njombe, Arusha, au Nairobi mwezi wa Julai, ukuta ni wa baridi. Mtu anaoga maji ya moto, mvuke unapanda, unagusa ukuta na kurudi kuwa maji, unayaona yakichuruzika. Dar es Salaam na Mombasa kuna ujanja mwingine. Watu wa pwani hujitetea: "Sisi tunaoga maji ya baridi, huo mvuke utoke wapi?" Utoke kwenye marumaru iliyobaki na maji, kwenye taulo, kwenye pazia la plastiki, kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Na hewa yenyewe ya nje wakati wa masika imeshashiba maji, haina haraka ya kubeba mengine. Kilicholowa asubuhi kinamngoja atakayeoga jioni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likiuhusisha na kikohozi, pumu na matatizo mengine ya kupumua. Mwongozo ule usiuache mezani siku ya wageni.

Sasa twende Kariakoo. Feni huchaguliwa kwa sura. Muuzaji ataichomeka kwenye soketi, itazunguka, utasogeza kiganja, utahisi kaupepo, biashara imekwisha. Usisome ubavu wa boksi. Huko kuna alama ya m³/h, yaani mita za ujazo za hewa ambazo feni inasukuma kwa saa, na alama hiyo ina tabia ya kuzua maswali. Itakutaka upime bafu lako. Tuseme lina upana wa mita 1.8, urefu wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.7, hizo ni mita za ujazo karibu 11.7. Wajuzi hutaka hewa ya bafuni ibadilike mara 6 hadi 10 kwa saa. Chukua mara 8, unapata mita za ujazo 93 hivi. Feni nyingi ndogo za inchi 4 huandikwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo utafurahi. Furahi tu. Ambacho boksi halikisemi ni kwamba namba ile ilipatikana feni ikiwa haijaungwa kwenye paipu yoyote. Ipe paipu ya mita tatu na elbo mbili uone inavyoporomoka. Ndiyo maana wakorofi hununua ya inchi 6, au ile inayofungwa katikati ya paipu juu ya dari, yenye nguvu ya kuisukuma hewa mbali. Bei inazidi, na tena imejificha huko juu. Mgeni utamwonyesha nini?

Tukishapata feni tunafika kwenye paipu, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kanuni ni nyepesi: usiweke. Wala hutahitaji kumshawishi fundi, yeye atakuwa amekutangulia. Atakata jipsamu, ataipachika feni, atapiga skrubu nne, atajifuta mikono kwenye suruali. Ukimuuliza hewa inaelekea wapi, atakutazama kwa huruma.

"Bosi, si inatoka juu?"

"Juu wapi, fundi?"

"Juu ya dari. Kule kuna nafasi kubwa, bosi. Itapotelea hukohuko."

Na kweli kule kuna nafasi. Kuna kenchi, kuna papi, kuna nyaya za umeme, pengine na ukoo mzima wa popo, na juu ya yote kuna bati. Usiku bati hupoa kuliko hewa iliyolizunguka, kwa kuwa joto lake linapotea kuelekea angani. Aliyewahi kulala nyumba ya bati isiyo na dari anayajua yale matone ya alfajiri. Mvuke wa bafuni ukipelekwa huko kila jioni, unalikuta bati la baridi, unageuka maji, unadondokea jipsamu ileile uliyotaka kuinusuru. Doa la rangi ya chai linajitokeza juu ya kitanda. Unamwita fundi wa paa. Anapanda, anagonga misumari mipya, anashuka, analipwa. Doa linarudi. Unamwita mwingine, huyu anasema wa kwanza hakujua kazi. Baada ya muda misumari ya bati imeshika kutu, mbao za kenchi zimeanza kulainika, na mafundi wa fani tatu wanasomesha watoto kwa feni moja. Kwa bei ile ya Kariakoo, sijui mradi mwingine unaogawa riziki kwa upana namna hiyo.

Huenda wewe ni mtu wa msimamo na umeng'ang'ania paipu iwepo. Usikate tamaa, bado nafasi ya kuharibu ipo. Chukua ile paipu laini ya karatasi ya aluminiamu inayojikunja na kujikunjua. Iache ndefu kuliko inavyotakiwa, usiivute ikanyooka, na hakikisha katikati imelegea ikafanya kitambi. Maji ya mvuke yatakusanyika kwenye kitambi hicho mpaka hewa ikose pa kupita, na yakizidi yatarudi taratibu kuisalimia mota. Kwa raha zako ongeza kona. Waharibifu wa kazi za watu hutumia paipu ngumu ya PVC ya inchi 4, huipitisha njia fupi kuliko zote hadi ukuta wa nje, huilaza na mteremko kidogo kuelekea nje ili maji yakitokea yatoke hukohuko, na mdomoni hufunga kifuniko chenye vibao vyepesi vinavyofunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Hapo mbu, mjusi na mvua ya upepo wote wamenyimwa mlango. Roho mbaya tu.

Kwenye maghorofa ya Nairobi na Upanga ukuta wa nje wakati mwingine haupo. Hapo hewa hutolewa kwenye uwazi ule mwembamba katikati ya jengo ambako madirisha ya mabafu yote yanatazamana. Feni yako ikifanya kazi vizuri, jirani wa juu atajua unatumia sabuni gani.

Ipo njia ya mafundi bomba wenye kipaji, na hii nimeiweka peke yake kwa heshima. Choo cha ndani huwa na paipu ya kupumulia inayopanda mpaka juu ya paa. Imeshawekwa, ni ya inchi 4, inapita palepale karibu na feni. "Bosi, hii si paipu ya hewa? Tuunge hapahapa, utaokoa hela." Hela utaokoa kweli. Feni ikiwaka, itapeleka mvuke kwenye mfumo wa majitaka; ikizimwa, majitaka nayo yatarudisha salamu. Hewa ya shimo la choo ina haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na ina methani, isiyo na harufu lakini inashika moto. Yale maji yanayobaki kwenye mkunjo wa choo na wa sinki kazi yake ni kuizuia hewa hiyo isipande. Fundi amemwacha mlinzi getini, kisha akabomoa ukuta wa uani.

Aibu yenyewe ni kwamba choo cha shimo cha bibi kule kijijini, kama alikijenga anayejua, kinatoa hewa vizuri kuliko bafu la masta. Nasema kile chenye paipu ndefu iliyosimama nyuma ya banda, yenye wavu juu. Kilibuniwa miaka ya 1970 huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, katika Maabara ya Utafiti ya Blair, na mwanasayansi Peter Morgan, ambaye mwaka 2013 alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm. Hakina mota wala waya. Upepo unapopita juu ya mdomo wa paipu unaivuta hewa ya shimoni ipande. Hewa mpya inaingia bandani, inashuka tunduni, inaifuata ile ya kwanza. Nzi aliyemo shimoni anaukimbilia mwanga juu ya paipu, anaukuta wavu, safari yake inaishia hapo. Choo cha bibi kina pa kuingilia hewa, kina pa kutokea, na kina kitu cha kuisogeza. Bafu la masta limelipia hicho cha kuisogeza na kuvisahau viwili vya mwanzo.

Pa kutokea tumeshapaziba, basi tupazibe na pa kuingilia. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Weka mlango wa mninga uliokaa barabara juu ya marumaru, chini uupigilie mpira ili mende wasipite. Dirisha la aluminiamu lifunge moja kwa moja kwa kuwa jirani amepandisha ghorofa. Sasa feni inazunguka, inavuta, haipati. Muungurumo wake unabadilika kidogo, unakuwa mwembamba, na wenye nyumba wengi huuchukua huo kuwa ndiyo dalili ya nguvu. Uingereza, ambako kanuni za ujenzi zimechungulia hadi chini ya milango, mlango wa bafu hutakiwa kuachiwa upenyo wa milimita 10 hivi ili hewa ya korido ipate njia. Milimita kumi! Seremala anaweza kuziondoa kwa randa kabla chai haijapoa, kwa hiyo usimwite.

Kama mlango umeshaachiwa upenyo, okoa hali kwa kuifunga feni juu ya mlango huohuo. Hewa itaingia chini, itapanda, itatoka, na upande wa shawa hautapata habari. Au ifunge kando ya dirisha linaloachwa wazi, ivute hewa ya nje na kuirudisha nje mchana kutwa. Wasioelewa huiweka juu kabisa, mbali na mlango, karibu na pa kuogea, ili hewa ilazimike kuvuka chumba kizima kabla ya kuondoka.

Swichi iwe moja na ya taa. Mchana mtu ataoga bila taa, feni imelala. Usiku atamaliza, atazima, atatoka, na feni itakatika wakati mvuke ndio kwanza unatulia ukutani. Ujue kwamba sehemu kubwa ya kazi ya feni ni baada ya mtu kuondoka, dakika 15 hadi 20. Zipo zenye saa ndani, zinazoendelea zenyewe kwa muda huo kisha zinajizima. Ukiziona dukani, pita kama hujaziona. Nyingine zina kihisio cha unyevu, hujiwasha hewa ikizidi kiwango ulichokipanga, na hizo kwa watu wa pwani nazipendekeza kwa moyo mkunjufu. Ipangie asilimia 65, uifunge Dar es Salaam. Aprili hewa ya nje yenyewe iko juu ya hapo karibu muda wote, kwa hiyo feni itawaka mvua zikianza na itazima siku mota itakapokufa. Na kama chumba cha kulala kina kiyoyozi, iache iwake usiku kucha: itatoa nje hewa uliyolipia kuipooza, na nafasi yake itachukuliwa na hewa ya joto inayopenya kwenye nyufa za madirisha.

Lakini wengi wetu hatufiki huko, maana tunazo sababu za kuizima mapema, na iliyo kuu ni umeme. Hakuna hoja yenye heshima kuliko hiyo katika nyumba ya Mtanzania. Mtu akisema "umeme", mjadala umefungwa. Ila asiruhusiwe mtu kupiga hesabu. Feni ya wati 20 ikiwaka saa moja kila siku, kwa mwezi mzima inakula yuniti 0.6. Shawa ya umeme ya wati 5,500 inakula yuniti 0.9 kwa mtu mmoja kuoga dakika kumi. Yaani yule baba anayetoka bafuni na taulo kiunoni akifoka, "Nani kaacha feni inawaka? LUKU inaisha!" amemaliza, kwa kuoga mara moja, umeme wa feni wa mwezi na nusu.

Mahali pawili naweka utani pembeni. Kama maji yenu yanapashwa na hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu, feni yenye nguvu katika chumba kilichozibwa inaweza kuvuta moshi wa ile hita urudi ndani badala ya kutoka kwenye bomba lake. Moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na imeshaua watu bafuni. Hita ya namna hiyo ikae nje. Pili ni umeme wenyewe. Feni iliyo karibu na shawa iwe na kinga ya maji, alama yake ni IPX4 au zaidi; laini yake ilindwe na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30; swichi iwe nje ya bafu au ya kuvuta kwa kamba; na wa kuiunga awe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, asiwe yule wa jipsamu aliyesema "hata hii naiweza, bosi." Basi, turudi kwenye uharibifu.

Feni ikishafungwa, usiiguse tena. Vumbi, nywele na poda hunasa kwenye mapanga yake, na baada ya mwaka au miwili yameota manyoya. Watu wachache, na hawa ndio wale wanaokunja nguo kabla ya kuziweka kabatini, huzima umeme kwenye meni swichi kila baada ya miezi sita, hufungua kava wakaliosha kwa maji ya sabuni, na kufuta mapanga kwa kitambaa kibichi. Wewe muungurumo ukikukera, ongeza sauti ya redio.

Madoa meusi dawa yake ni rangi. Piga skimu juu yake, paka koti mbili nyeupe, ikiwezekana wiki moja kabla ya Idi au Krismasi, ili picha zitoke vizuri. Ukungu hauna kinyongo, utapita kwenye rangi mpya ukiwa na nguvu mpya. Ikiwa mtu wa nyumbani ameshindwa kuvumilia na ameamua kuusugua kwa jiki, mwache asugue, ila mwonye asichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Naona mahali pa utani pembeni pamefika patatu.

Imebaki hatari moja, nayo ni mgeni mjuaji. Huyu muungurumo haumbabaishi. Anaingia bafuni, anafunga mlango, anawasha feni, anachana kipande kimoja cha tishu na kukisogeza kwenye kava. Feni ikiwa inavuta, tishu inanasa na kubaki pale bila kushikwa. Ikiwa haivuti, inaanguka chini. Ikianguka, anafungua mlango kidogo na kujaribu tena. Ikinasa safari hii, ameshajua kwamba pa kuingilia hewa ndipo palipozibwa. Isiponasa, anatoka nje kuutafuta mdomo wa paipu ukutani, na asipouona anarudi sebuleni akiwa ametulia, anakunywa soda yake, anakuangalia. Kipimo chenyewe hakina gharama, kinachukua dakika mbili, na kinaanika kila kitu ulichokifuata katika mwongozo huu. Kinga ni kukiwahi. Ukisikia gari lake getini, toa tishu zote bafu la masta, uache ndoo na kopo. Akiuliza, mwambie kwa unyenyekevu, "Samahani shemeji, nyumba hii tunatumia maji."